Jino la Kumi na Moja

Naanza na jino lililopakwa rangi ya kucha.
Ni ya Asumini, nyekundu, chupa imebaki robo.
Juzi aliniuliza, "Mwanamume, unaipeleka wapi?"
Nikamwonyesha mnyororo. Akacheka mpaka akakaa chini.
Lakini bila alama utazunguka hadi alfajiri:
meno thelathini na sita, yote sura moja.

Tupa ya duara, mpini wa gunzi la hindi.
Sukuma. Usirudishe ikiwa imegusa chuma:
tupa ikienda inakula, ikirudi inajila yenyewe.
Mara tatu kila jino, pembe ileile,
kwanza yanayotazama kushoto,
kisha nahamia upande wa pili wa kisiki
kama kinyozi anayefuata shavu lililobaki.

Likanda anataka tumalize.
Masasi, anasema, kuna fundi mwenye mashine,
unaweka, inalia, unalipa, unaondoka.
Namwambia ile inakula mnyororo kana kwamba ni wa kuazima.
Sogeza taa.

Leo tulikuwa Kitangari, kwa Bi Somoe Chihipu,
mikorosho kumi na miwili, mizee, haizai hata ya kuonja.
Miche ya kubebesha imejipanga kwenye viriba,
inasubiri kivuli kiondoke.
Kumi na mmoja ilianguka bila maneno.
Maranda yalitoka marefu, meupe, kama nazi iliyokunwa.
Hapo ndipo ninapolijua jino:
likiwa zima linatoa maranda,
likichoka linatoa unga,
mkono unaanza kukandamiza,
na mti unanuka moshi kabla ya jiko.

Wa kumi na mbili ulipiga kelele.

Si mti. Msumari, inchi sita,
umemezwa na gamba mpaka nje hakuna hata kovu.
Cheche mbili. Nikaachia, nikazima.
Bi Somoe akaja na jembe begani,
akainama kwenye mkato, akatazama kwa muda.
"Ah," akasema. "Mizani."

Baba yake aliitundika hapo,
kabla ya maghala, kabla ya stakabadhi,
majirani wakipanga foleni na vikapu.
"Ilikuwa inaiba. Nusu kilo. Tulijua sote."
Akauomba.
Nilichokoa kwa patasi, kikatoka kipande tu.
Akakifunga kwenye pindo la kanga,
fundo lilelile la hela,
akarudi kulima.

Sasa jino la kumi na moja limebaki kigutu,
na sheria ya mnyororo haina huruma:
lililo fupi kuliko yote ndilo kipimo.
Thelathini na matano hayakuuona msumari,
lakini nitayapunguza yote yalingane na mwenzao,
la sivyo msumeno utavuta upande,
utakata mshazari,
kama mlevi anayekwenda kwake kwa kubahatisha.

Halafu kile kidevu mbele ya kila jino:
tupa bapa, mara mbili, basi.
Ukizidisha, mashine inaruka kutafuta paja.
Ninalo kovu. Hapa.
Mwaka wangu wa kwanza, nilikuwa na haraka kama ya Likanda.

Baridi ya Newala inapita chini ya bati.
Unga wa chuma umejaa kwenye gazeti.
Likanda anaukusanya kiganjani, anaupandisha, anaushusha.
"Kiasi gani hiki?"
Mwezi mzima wa kazi, namwambia, tumeunoa umeisha.
"Tumdai yule bibi?"

Jioni Bi Somoe alilipa miti yote kumi na miwili,
hakuomba punguzo,
alihesabu polepole, akarudia kuhesabu,
na noti zilipotoka kwenye lile fundo
zilikuwa zinanuka kutu.

Jino la kumi na mbili.
Taa, Likanda. Umelala?